Mifuko 36 Mezani: Tathmini ya Huduma ya Kufungasha Unga wa Kilo 1, Morogoro

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikipeleka unga wangu wa sembe kufungashwa katika kiwanda kidogo kilichopo Morogoro mjini. Mahindi nayanunua Kibaigwa, nayakoboa na kuyasaga mwenyewe, kisha unga unaingia kiwandani humo ndani ya viroba na kutoka ukiwa katika mifuko ya kilo 1 yenye jina la biashara yangu. Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya wasagaji wadogo wenzangu wanaotafuta mahali pa kufungashia, na sehemu yake kubwa inahusu jambo moja, yaani uzito wa mfuko. Jina lililochapishwa kwenye mfuko ni langu, na mama anayenunua unga dukani Msamvu au Kihonda hamjui mwenye mashine. Kilo yake ikipungua, aliyempunja ni mimi.

Mambo mengine nitayapitia kwa haraka kwa sababu hayana mgogoro. Mishono ya mifuko ni imara, na katika miezi yote hiyo nimerudishiwa mifuko miwili tu iliyopasuka. Tarehe ya kufungashwa na ya mwisho wa matumizi huchapishwa vizuri na haifutiki kwa jasho la mkono. Kazi ya tani 4 huchukua siku mbili, na wakisema Alhamisi ni Alhamisi. Sehemu ya kufanyia kazi ni safi, wafanyakazi huvaa kofia na glavu, na wateja hupokewa kwa heshima. Bei yao kwa kila mfuko ni ya wastani ukilinganisha na maeneo mengine mawili niliyowahi kuulizia.

Shaka yangu ilianza na hesabu ya mifuko. Katika mzigo wangu wa pili nilipeleka unga wa kilo 4,000, nami nikapokea marobota 200 yenye mifuko 20 kila moja, pamoja na mifuko 6 ya ziada. Yeyote aliyewahi kusimama karibu na mashine ya kufungasha anajua kwamba unga mwingine hupeperuka, mwingine humwagika sakafuni, na mwingine hubaki ndani ya pipa la mashine. Kilo 4,000 zikiingia, nilitarajia mifuko pungufu kidogo ya 4,000. Mifuko 4,006 ilinifurahisha kwa dakika chache, kisha ikaninyima usingizi. Hata hivyo, huo haukuwa ushahidi wa kutosha kumwendea mtu kwa lawama, kwa kuwa viroba vile nilivipima kwenye mizani kubwa ya stoo, ambayo kwa tani 4 inaweza kukosea kilo kadhaa bila mtu kugundua.

Lazima niseme kwanza jambo lililonivutia katika kiwanda hiki tangu siku ya kwanza, kwa sababu bila hilo nisingeweza kufanya upimaji nilioufanya. Wana daftari. Kila siku ya kazi fundi hupima mifuko 20 na kuandika uzito wa kila mmoja, na daftari hilo linarudi nyuma zaidi ya miaka miwili kwa mashine hiyohiyo na mfuko wa ukubwa huohuo. Niliruhusiwa kulisoma, nikakaa nalo asubuhi nzima. Wastani wa siku hadi siku ulikuwa unapanda na kushuka kutegemea unga wa nani unafungashwa, lakini mtawanyiko wa uzito kuzunguka wastani wa siku ulikuwa karibu uleule mwaka mzima: mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi uzito wa mifuko unavyotawanyika kuzunguka wastani, wa gramu 6, wakati mwingine juu kidogo, wakati mwingine chini kidogo. Kwa lugha ya takwimu, varianzi ya mashine hii, yaani mkengeuko sanifu ukizidishwa kwa wenyewe, inajulikana, nayo ni 36. Mashine ina mtetemo wake na tabia yake, na tabia hiyo haibadiliki kirahisi, ila mahali inapolenga panaweza kusogezwa na mkono wa fundi au aina ya unga.

Hali hiyo ndiyo inayoruhusu kutumia kipimo rahisi kuliko vyote vya nadharia tete, yaani dai linalojaribiwa kwa vipimo, kuhusu wastani. Mtu anaanza na nadharia tete ya msingi, ambayo kwangu ilikuwa kwamba wastani wa mifuko yote ya mzigo ni gramu 1,000 kama ilivyoandikwa. Mbadala wake ulikuwa kwamba wastani huo uko chini ya gramu 1,000. Unachukua sampuli, unatafuta wastani wake, unaona umepungua kiasi gani kutoka 1,000, kisha unaugawa upungufu huo kwa kosa sanifu la wastani, yaani mkengeuko sanifu uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mifuko uliyopima. Jibu ni namba moja, inayoitwa z, ambayo huandikwa hasi wastani ukiwa chini ya 1,000, nayo inakuambia upungufu uliouona ni mara ngapi ya mtikisiko ambao bahati peke yake ingeweza kuuleta. Ukiwa umeamua mapema kwamba utakubali hatari ya kukosea mara 5 katika 100, basi unaikataa nadharia tete ya msingi pale z inaposhuka chini ya hasi 1.645.

Katika mzigo wa kwanza, kabla sijawa na shaka yoyote, nilikuwa tayari nimepima mifuko 9 kwa desturi tu ya kukagua. Niliirudia hesabu yake nikiwa na daftari mkononi. Jumla ya uzito ilikuwa gramu 8,982, kwa hiyo wastani ni 998. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, na 6 kugawanya kwa 3 ni gramu 2, hivyo z ilikuwa hasi 1. Mashine isiyo na kosa lolote ingeweza kutoa wastani wa chini kiasi hicho au zaidi kama mara 16 katika kila 100. Kwa matokeo hayo mtu hana haki ya kumshitaki mwenzake. Lakini pia hana haki ya kusema kwamba mashine ni nzima, na hapo ndipo mimi nilipokosea wakati ule: nilikuwa nimeipitisha mifuko ile nikaamini kwamba nimekagua.

Mzigo wa pili niliupima kwa utaratibu. Niliamua kabla ya kugusa mfuko wowote kwamba nitapima mifuko 36, si zaidi na si pungufu, ili nisije nikajikuta naongeza mifuko hadi nipate jibu ninalolitaka. Niliandika namba 1 hadi 200 kwenye vikaratasi, nikavitia ndani ya kapu, na binti yangu akachomoa 36 bila kutazama. Kila kikaratasi kilitaja robota, na katika kila robota lililotajwa tulitoa mfuko mmoja, naye ndiye aliyechagua ni upi akiwa amefumba macho. Tungechukua mifuko 36 ya juu kwenye rundo tungepata mifuko ya saa moja ya mwisho tu, wakati ambapo pipa la mashine lilikuwa linakaribia kuisha, na wastani wake ungezungumzia saa hiyo badala ya mzigo mzima.

Mizani niliyotumia ni ya kidijiti, inasoma hadi gramu 1, na ina stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Hata hivyo nililipandisha juu yake jiwe la kilo 1 kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na mara zote mbili ilisoma 1,000. Mifuko mitupu 20 nilipoipima pamoja ilikuwa gramu 180, kwa hiyo kila mfuko una gramu 9 za karatasi, nami nikazitoa katika kila kipimo. Kazi yote tuliimaliza mchana uleule mzigo ulipofika, kwa sababu unga uliolala stoo unaweza kupoteza unyevu au kuuvuta kutoka hewani, na hapo ningekuwa napima hali ya hewa ya Morogoro.

Namba zilianza kushuka kwenye daftari langu: 1,003, kisha 996, kisha 999, kisha 991. Mfuko mwepesi kuliko yote ulikuwa na gramu 987, na mzito kuliko yote 1,011. Ukizitazama hivyohivyo, huoni kitu. Nyingine ziko juu ya elfu, nyingine chini, na hakuna hata moja inayotia aibu. Binti yangu alisema, "Mama, mbona ni sawa tu?" Nami kwa macho nisingeweza kumpinga.

Jumla ya mifuko 36 ilikuwa gramu 35,910. Zilipungua gramu 90, unga unaotosha vijiko vichache vya kukorogea uji, na wastani ukawa gramu 997.5. Sasa kosa sanifu la wastani ni 6 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 36, yaani gramu 1 kamili, kwa hiyo z ni hasi 2.5. Kikokotozi cha Casio fx-991MS, kile ambacho wanafunzi wengi wanacho, kina orodha ya DISTR kinapokuwa katika hali ya SD, yaani ya hesabu za takwimu, na ukichagua R na kuandika 2.5 kinatoa 0.00621. Maana yake ni kwamba kama mashine ingekuwa inalenga gramu 1,000 kweli, sampuli ya mifuko 36 yenye wastani wa chini kiasi hiki au zaidi ingetokea kama mara 6 katika kila 1,000. Niliikataa nadharia tete ya msingi. Kwa atakayeniambia kwamba nilipaswa kuangalia pande zote mbili, juu na chini, nafasi hiyo inakuwa mara mbili yake, 0.0124, na uamuzi haubadiliki.

Naomba msomaji aiangalie vizuri namba hiyo ya 0.00621, kwa sababu nimesikia ikielezwa vibaya hata na watu waliosoma. Haisemi kwamba kuna nafasi ya asilimia 0.6 kwamba mashine ni sahihi. Inaanza kwa kudhani kwamba mashine ni sahihi, kisha inauliza vipimo kama vyangu vingekuwa adimu kiasi gani. Vilevile haisemi upungufu ni mkubwa au mdogo. Kwa hilo nilichukua wastani wangu wa 997.5 na kuongeza na kupunguza mara 1.96 ya kosa sanifu la gramu 1, nikapata kwamba wastani wa kweli wa mzigo ule unakadiriwa kuwa kati ya gramu 995.5 na 999.5, kwa imani ya asilimia 95. Gramu mbili na nusu kwa mfuko ni kidogo. Kwa mifuko 4,006 ni kilo 10, na kilo hizo zilikuwa zimekwisha kugeuka mifuko ya ziada ambayo ningeiuza.

Nilirudi kiwandani na karatasi yangu. Fundi alinisikiliza kwa adabu, kisha akafungua daftari lake na kuniambia, "Mama, hakuna hata mfuko mmoja ulioshuka chini ya 985, na sisi tunaruhusiwa hadi hapo." Alikuwa anasema kweli kuhusu mfuko mmoja mmoja. Pendekezo la R 87 la shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML, linataja upungufu unaovumilika wa gramu 15 kwa kifurushi kimoja cha uzito wa kati ya gramu 500 na 1,000. Lakini pendekezo hilohilo linataka pia kwamba wastani wa kundi usiwe chini ya uzito ulioandikwa, na sharti hili la pili ndilo ambalo daftari la kiwanda lilikuwa halilitazami. Namba zote zilikuwa zimeandikwa, ila hakuna aliyezijumlisha.

Nilimwonyesha kwa hesabu kwa nini ukaguzi wao usingeweza kuona kosa hili. Mashine inayolenga 997.5 kwa mkengeuko wa gramu 6 hutoa mfuko ulio chini ya 985 mara 2 hivi tu katika kila 100. Fundi anayepima mifuko 20 kwa siku anaweza kumaliza wiki akiona mmoja au wawili, akaitoa kando, na kuendelea na kazi akiwa na dhamiri safi. Wastani wa mifuko hiyohiyo 20 ungemwambia mapema zaidi, kwa kuwa makosa ya bahati ya mfuko mmoja na mwingine huanza kufutana yanapojumlishwa, na kinachobaki ni kosa la kulenga.

Mzee mwenye kiwanda aliitwa, akaketi nasi, na kwa hili nampa heshima yake yote: hakubisha kwa ajili ya kubisha. Aliuliza maswali mawili ya msingi, mifuko ilichaguliwaje na mizani ni ya nani, na baada ya kujibiwa akaenda kwenye mashine. Sababu ilipatikana ndani ya nusu saa. Mashine yao hujaza kwa parafujo linalozunguka idadi fulani ya mizunguko kwa kila mfuko, kwa hiyo inachopima ni ujazo. Ilikuwa imerekebishwa kwa unga wa mteja mwingine, wa chenga kubwa zaidi kuliko wangu. Unga wangu ni laini sana na hushika hewa, hivyo ujazo uleule unabeba uzito mdogo zaidi. Mtawanyiko haukubadilika kwa sababu parafujo ni lilelile, bali lengo lilikuwa limesogea. Hii ndiyo hali hasa ambayo kipimo cha z kimetengenezewa, na nilifurahi kuiona waziwazi, chuma na unga mbele ya macho yangu, baada ya kuisoma miaka mingi iliyopita kwenye ubao.

Kuna msomaji atakayeuliza kama nilikuwa na haki ya kuichukua gramu 6 ya daftari lao na kuitumia kwa unga wangu. Ni swali la haki. Mkengeuko sanifu wa mifuko yangu 36 yenyewe ulikuwa gramu 6.4, karibu sana na 6, na tofauti ndogo kama hiyo ni ya kawaida kwa sampuli ya ukubwa huo. Kama nisingekuwa na daftari, ningelazimika kutumia 6.4 hiyo na kuipeleka kwenye jedwali la t, lile lililotokana na kazi ya William Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyoichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student. Gosset alikuwa na tatizo letu sisi wafanyabiashara wadogo, yaani sampuli chache na varianzi isiyojulikana. Kwa njia yake ningepata hasi 2.34, na kikomo kwa mifuko 36 ni hasi 1.69, kwa hiyo uamuzi ungekuwa uleule. Kwa sampuli ya mifuko 5 au 6, hata hivyo, tofauti kati ya njia hizi mbili ni kubwa, na mtu asiye na kumbukumbu za muda mrefu asijichukulie z kwa sababu tu ni rahisi.

Nimerudi mara kadhaa kwenye ile mifuko 9 ya mzigo wa kwanza. Nilikokotoa baadaye: kama mashine ilikuwa inalenga 997.5 tangu siku ile, sampuli ya mifuko 9 ilikuwa na nafasi ya asilimia 35 tu ya kuligundua kosa, wakati sampuli ya mifuko 36 ina nafasi ya asilimia 80. Kwa maneno mengine, ukaguzi wangu wa desturi ungenipa faraja ya uongo karibu mara mbili katika kila mara tatu. Wateja walionunua mzigo ule sina namna ya kuwafikia.

Mzigo wa tatu ulifungashwa baada ya fundi kuongeza mzunguko wa parafujo na kupima mifuko 30 ya unga wangu kabla ya kuanza kazi yenyewe. Niliupima kwa utaratibu uleule wa vikaratasi na kapu, safari hii nikitazama pande zote mbili, kwa sababu mfuko ukizidi unga wangu ndio unaopotea. Jumla ilikuwa gramu 36,045, wastani 1,001.25, z ikawa 1.25, na nafasi ya pande mbili 0.21. Sikuwa na sababu ya kuikataa gramu 1,000. Mifuko niliyopokea safari hii ilikuwa 3,991.

Nawapendekezea wenzangu kiwanda kama hiki, kwa masharti mawili ambayo mimi mwenyewe nimewaomba nao wamekubali. La kwanza ni kwamba mashine irekebishwe upya kwa kila unga unaoingia, hata kama mteja ni yuleyule, kwa kuwa mahindi ya msimu mmoja hayasagiki sawa na ya msimu mwingine. La pili ni safu moja ya ziada kwenye daftari, pembeni ya zile namba 20 za kila siku, kwa ajili ya wastani wake. Kwa mifuko 20 kosa sanifu ni gramu 1.34, kwa hiyo wastani wa siku ukishuka chini ya 997.8 fundi anapaswa kusimamisha mashine na kutazama. Nilipopita wiki iliyopita safu hiyo ilikuwa imekwisha kuchorwa kwa rula, na namba ya 997.8 imeandikwa kwa wino mwekundu juu ya ukurasa. Kwenye mstari wa siku ile, fundi alikuwa ameandika 1,000.6.